NYAYA KUUKUU ZA SHABA: SOMO NA HESABU YAKE



Katika gazeti letu hili watu huandika juu ya mpira, juu ya safari na juu ya mitihani. Mimi nataka kuandika juu ya kazi ambayo wengi wetu tunaifanya wakati wa likizo lakini darasani hatuitaji, nayo ni kukusanya nyaya kuukuu za shaba na kuziuza kwa kilo. Hapa Lubumbashi hapana mtaa usio na mnunuzi mwenye mizani yake mbele ya nyumba. Sehemu kubwa ya karo yangu ya mwaka wa tano ilitoka katika gunia la nyaya, wala sioni haya kusema hivyo, kwa sababu kila kipande najua kilitoka wapi.

Kazi hii huweza kumpa kijana karo, na huweza pia kumpeleka hospitali au gerezani. Kwa hiyo nimeona vema tuisome kama tunavyosoma somo lingine lolote, kwa fizikia, kwa kemia na kwa hesabu.

SHABA KATIKA NCHI YETU

Shaba si jambo geni kwetu. Karibu na ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wataalamu walichimba makaburi ya kale katika miaka ya 1957 na 1958, wakakuta wafu waliozikwa pamoja na misalaba midogo ya shaba. Kwa muda wa karne nyingi misalaba ya namna hiyo ilikuwa ni fedha ya watu wa Katanga. Mafundi walikusanya mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa na kuvukuta mpaka shaba ikatiririka, kisha wakaimimina katika kalibu.

Tena yafaa tujue kwamba waya yenyewe haikuletwa kwetu mara ya kwanza na mafundi wa umeme. Wayeke, ambao wakubwa wao walitoka Unyamwezi pamoja na Msiri katika karne ya 19, walijulikana kwa ustadi wa kuvuta waya. Walipitisha shaba katika tundu la chuma, wakaivuta kwa nguvu, wakaipitisha tena katika tundu dogo zaidi, mpaka ikawa nyembamba kama uzi. Kwa uzi huo walitengeneza bangili. Na wafanya biashara wa misafara ya kutoka pwani walichukua mizigo ya nyaya nene, walizoziita masango, wakalipia chakula na ushuru njiani.

Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni kubwa ya madini, Union Minière du Haut-Katanga. Reli ilifika mjini kwetu mwaka 1910, na tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Mwaka 1967 kazi hiyo ilitwaliwa na Serikali, na kampuni ya Gécamines ikaja kuirithi. Jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba kwa muda wa miaka mingi, mpaka mwaka 1997. Mwaka 2024 nchi yetu ilikuwa ya pili duniani kwa kutoa shaba, ikitanguliwa na Chile tu.

Basi ni ajabu kidogo: shaba hutoka ardhini kwetu, huenda ng'ambo, hurudi imekuwa waya ndani ya ganda la plastiki, hutumika katika nyumba miaka thelathini au arobaini, kisha kijana wa Katuba huiokota na kuipeleka kwa mnunuzi, ili irudi tena tanuruni. Shaba haichoki. Hata ikiyeyushwa mara nyingi, ikisafishwa vizuri huwa shaba ile ile. Na kuyeyusha shaba kuukuu hutumia nguvu ndogo sana kuliko kuchimba na kuchoma mawe mapya. Ndiyo sababu wenye viwanda huitafuta.

KWA NINI WAYA HUFANYWA KWA SHABA

Umeme hupita katika madini mengi, lakini haupiti sawasawa. Fedha ndiyo inayoupitisha vizuri kupita zote, na shaba huifuata kwa karibu. Fedha ni ghali mno. Kwa hiyo shaba hutumiwa katika nyumba, katika mota na katika transfoma. Alumini hupitisha umeme kama sehemu sita katika kumi za shaba yenye unene ule ule, lakini ni nyepesi mno. Kwa sababu hiyo nyaya kubwa zinazopita juu ya nguzo ndefu porini kwa kawaida ni za alumini, na katikati zina chuma cha kuzitia nguvu. Anayezitamani akidhani ni shaba amejitia katika hatari ya kifo kwa ajili ya kitu kisichokuwapo.

Shaba tutaitambuaje? Kwanza, sumaku haiivuti. Waya ikinaswa na sumaku, ndani yake mna chuma. Pili, ikwaruze kwa tupa. Siku hizi ziko nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu tu. Ukizikwaruza utaona weupe ndani. Tatu, tumia somo la Archimedes. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa gramu 8.96. Basi fungu la waya tupu lenye gramu 448, ukilizamisha katika chombo cha kupimia, lazima lipandishe maji kwa sentimita 50 za ujazo. Yakipanda zaidi ya hapo kwa wingi, si shaba tupu. Jaribio hilo tulilifanya sisi wa mwaka wa sita katika maabara, na mafungu mawili kati ya matano yaliyoletwa yalishindwa.

MAHALI PA KUZIPATA KWA HAKI

Watu huniuliza, "Ndugu, unazitoa wapi hizo nyaya?" Jibu langu ni fupi: kwa wenyewe. Mtu akitengeneza nyumba yake na kuondoa nyaya za zamani, mimi humwendea, nikamsalimu, nikaomba. Wengine hunipa bure nikiwafagilia uwanja. Wengine hutaka malipo kidogo. Kwa mafundi wa mota hupatikana nyaya zilizoungua. Kwa mafundi wa friji hupatikana mashine zilizokufa, ambazo ndani zina mzingo wa shaba. Kwa mafundi wa magari hupatikana nyaya fupi fupi ambazo kila moja si kitu, lakini haba na haba hujaza gunia.

Mimi hubeba daftari. Huandika siku, jina la aliyenipa, uzito, na saini yake. Wenzangu walinicheka mwanzoni, wakaniita karani. Siku moja askari walisimamisha vijana wote wenye magunia njiani, wakawauliza. Mimi nilitoa daftari langu, nikaruhusiwa kwenda zangu, na mwenzangu niliyekuwa naye akaruhusiwa pia kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa mle. Tangu siku hiyo nao wana madaftari.

KUVUA GANDA: KISU AU MOTO?

Wengi huchoma. Hukusanya nyaya, hutia moto juu ya mpira wa gari, na baada ya robo saa shaba hubaki peke yake. Kazi ni nyepesi, lakini hesabu yake ni mbaya, na kemia yake ni mbaya zaidi.

Ganda la waya nyingi ni plastiki iitwayo PVC, ambayo ndani yake mna klorini. Ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho, wa koo na wa mapafu, huwa asidi ya hidrokloriki, ile ile ambayo maabarani hatuigusi bila glavu. Tena moshi huo hubeba dioksini, sumu zinazokaa mwilini miaka mingi, na shaba yenyewe ikiwamo motoni husaidia sumu hizo zifanyike. Maganda ya zamani huwa na risasi pia, ambayo hudhuru akili ya watoto wadogo. Majivu hubaki uwanjani, kuku huyachakura, na watoto huyachezea. Mdogo wangu alikuwa akikohoa kila likizo kwa sababu ya moshi wa jirani zetu. Mama alipowaendea wakahamisha moto wao mbali, kikohozi kikapungua.

Sasa hesabu. Shaba iliyochomwa huwa nyeusi na yenye kutu, na mnunuzi huiweka katika daraja la chini. Shaba iliyovuliwa kwa kisu hung'aa, naye hulipa zaidi. Mimi hutumia ubao wenye mfereji na kisu kilichopigiliwa msumari. Huvuta waya chini yake, na ganda hupasuka kwa urefu. Kwa nyaya nene kazi huenda upesi. Nyaya nyembamba mno huziuza pamoja na ganda lake kwa bei ya chini, kuliko kuuza mapafu yangu.

MIZANI NA HESABU

Bei ya shaba haiamuliwi na mnunuzi wa mtaani. Inafuata soko la madini la London, lililoanzishwa mwaka 1877. Mwanzoni mwa mwaka 2016 tani moja ilikuwa chini ya dola 5,000. Mwezi wa Mei mwaka 2021 ilipita dola 10,000. Mnunuzi wa mtaani hulipa chini ya bei hiyo, kwa haki, maana shaba yake si safi, na kuna usafiri, kuyeyusha na faida ya wale wanaomfuata. Lakini kupunguza kwa haki na kupunja ni mambo mawili mbalimbali.

Kupunja hufanywa hasa kwa mizani. Basi jifunze mambo mawili.

La kwanza: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nenda na chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji. Mwambie mnunuzi kwa adabu, "Mzee, tuipime kwanza hii." Ikiwa mizani yake inasema kilo moja na robo, umekwisha kujua ya kwamba kwa kila kilo sita zako yeye ataandika tano. Mnunuzi mwema hatakasirika. Akikasirika, chukua gunia lako.

La pili: uzito wa shaba waweza kuujua kabla ya kufika kwenye mizani. Waya ya nyumbani iliyoandikwa milimita mraba 2.5, kwa urefu wa meta moja, ina shaba ya sentimita 2.5 za ujazo. Zidisha kwa 8.96, utapata gramu 22.4. Kwa hiyo meta 45 hivi hufanya kilo moja. Waya ya milimita mraba 1.5 ina gramu 13.4 kwa meta. Meta 75 hivi hufanya kilo moja. Pima nyaya zako kwa kamba yenye mafundo, fanya hesabu, andika katika daftari, ndipo uende sokoni. Mtu anayejua uzito wake hapunjwi kwa urahisi.

WAYA ILIYO HAI

Hapa naomba kila msomaji asome polepole.

Kijana mmoja wa mtaa wetu, wa miaka kumi na sita, alikata waya iliyoning'inia nyuma ya nyumba isiyokaliwa. Mtaa mzima ulikuwa hauna umeme tangu asubuhi, naye akaamini ya kwamba waya imekufa. Umeme ulirudi waya ingali mkononi mwake. Ardhi ilikuwa na maji ya mvua, na miguu yake haikuwa na viatu. Tulimzika siku ya pili. Mama yake huuza unga karibu na kituo cha basi, nami nipitapo hapo sijui la kumwambia ila kumsalimu.

Fizikia yake ni hii. Umeme wa nyumbani una volti 220. Ngozi kavu huuzuia kidogo, lakini ngozi yenye maji huweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 tu. Gawanya 220 kwa 1,000, utapata ampia 0.22. Sehemu moja katika kumi ya ampia, ikipita kifuani, yatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Basi umeme uliomwua ulikuwa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Sheria ni moja: kukatika kwa umeme si kufa kwa waya. Waya ambayo ncha zake zote mbili huzioni kwa macho yako, usiiguse. Na ukimkuta mtu amenaswa, usimshike kwa mikono. Zima swichi kubwa. Usipoweza, msukume mbali kwa mti mkavu, kisha uite msaada.

Transfoma nazo ziacheni kabisa. Zaidi ya umeme wake, nyingine za zamani zina mafuta yenye sumu ziitwazo PCB, ambazo mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulikusudia kuziondoa duniani.

WAYA YA WIZI

Kiangazi kilichopita waya ya pampu ya kisima cha misheni ilikatwa usiku. Ilikuwa ya meta 60, na ndani yake nyaya nne za milimita mraba 4. Tuifanyie hesabu. Waya moja ya milimita mraba 4 ina gramu 35.84 kwa meta; nne ni gramu 143; kwa meta 60 ni kilo 8.6. Tuseme mnunuzi alilipa dola 5 kwa kilo: mwizi alipata dola 43, pengine pungufu, maana tulikuta majivu ya ganda nyuma ya ukuta, yaani aliichoma.

Padri mhazini alilipa dola 410 kwa waya mpya na mafundi, karibu mara kumi ya fedha aliyopata mwizi. Lakini hiyo si hasara yote. Kwa siku 19 tulichota maji mtoni kwa madumu, na madarasa ya chini yakakosa kipindi cha kwanza kila asubuhi. Zahanati hutumia kisima hicho hicho. Mama waliokuja kuzaa siku hizo waliambiwa waje na maji yao. Hasara ya namna hiyo siwezi kuizidisha kwa namba yoyote.

Jambo hili halipo kwetu tu. Njia kubwa ya umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, yenye urefu wa kilometa 1,700 hivi, iliyomalizika mwaka 1982, imesumbuliwa na watu wanaofungua vyuma vya nguzo zake. Nchini Kenya, mwezi wa Januari mwaka 2022, nguzo zilizoharibiwa zilianguka na nchi karibu nzima ikawa gizani. Serikali ikapiga marufuku biashara yote ya vyuma kuukuu kwa miezi kadhaa, kisha ikairuhusu kwa leseni. Afrika ya Kusini nayo ilizuia mwishoni mwa mwaka huo kupeleka shaba kuukuu nje ya nchi. Angalieni: marufuku ile ilipokuja, aliyeacha kula si mwizi peke yake. Kijana aliyeomba nyaya kwa haki naye alifungiwa mlango. Kwa hiyo mwizi wa nyaya anatuibia sisi wakusanyaji kabla ya kumwibia mwingine, na sisi ndio wa kwanza kupaswa kumkataa. Tusimtetee kwa kuwa ni mwenzetu wa gunia.

Na mnunuzi asiyeuliza neno ni nusu ya wizi. Asingekuwapo, waya ya kisima ingemfaa nini mwizi?

NENO KWA WAKUBWA WETU

Wanafunzi wa zamani, wengi wenu mna karakana, mnajenga nyumba, au mnafanya kazi katika makampuni. Mabaki ya nyaya hutupwa au huchukuliwa na mlinzi. Naomba yaletwe shuleni pamoja na barua fupi yenye saini ya mwenyewe. Sisi wa mwaka wa sita tumekwisha kuzungumza na Padri mhazini, naye ametupa chumba kidogo nyuma ya useremala. Tutazivua kwa kisu, tutapima kwa mizani ya maabara, tutauza kwa mnunuzi anayetoa risiti, na fedha itaingia katika daftari la karo za wale wanaotaka kurudishwa nyumbani. Mwezi huu katika darasa langu wako wanne, na mtihani wa Serikali umekaribia. Hatuombi zawadi, tunaomba kazi.

MASWALI

1. Umepewa waya ya milimita mraba 6, urefu wa meta 25. Ina kilo ngapi za shaba?

2. Mizani ya mnunuzi inaonyesha kilo 1.2 kwa chupa yenye lita 1.5 za maji. Ukimpelekea kilo 10 za shaba, ataandika kilo ngapi? Kwa dola 5 kwa kilo, utapoteza dola ngapi?

3. Fungu la nyaya lina gramu 224, nalo limepandisha maji kwa sentimita 40 za ujazo. Je, ni shaba tupu? Toa sababu.

4. Eleza kwa nini mtu aliyesimama juu ya ardhi yenye maji, bila viatu, yumo katika hatari kubwa kuliko aliyesimama juu ya ubao mkavu.

Majibu yaletwe kwangu katika maktaba. Atakayepata yote manne nitamkopesha ubao wangu wa kuvulia nyaya likizo ijayo.